Vidole Vinne Kiunoni

Niliambiwa nisiguse vidole vyangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipochoka.

Nilikuwa ndani ya ukumbi wa maonyesho ya picha kule Hurlingham, Nairobi, mahali ambapo sikuwa nimepanga kuingia. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu kubwa ni kupunguza. Wasichana hununua marinda na makoti ya mitumba, yale ya enzi za nyanya zao, halafu wananiletea mtaani kwangu Kabiria niyabane yawatoshe. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea mteja koti lake ofisini. Mvua ikatushika njiani, mimi na binti yangu Ndinda wa miaka minne, tukaona mlango uko wazi. Tukaingia kujikinga. Ni hivyo tu.

Picha ya kwanza ukutani ilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Mwanamke amesimama, rinda la manjano, vifungo vyeupe vikubwa kama biskuti, shingo ameinyoosha. Na kiunoni, upande wake wa kulia, vidole vinne vya mtoto vimechomoza kutoka nyuma, vimekamata kitambaa. Kile cha mwisho kimepinda kuingia ndani kama ndoana.

Changu kimepinda vivyo hivyo tangu nizaliwe. Nilikiinua nikakiweka juu ya kile cha kwenye picha, taratibu, kama mtu anayepima.

"Madam, samahani, picha haiguswi," akasema msichana wa mlangoni.

"Huu ni mkono wangu."

"Ndiyo, naona. Ndio nakuambia uutoe."

"Nasema huu wa kwenye picha."

"Huo wa kwenye picha haijulikani ni wa nani. Soma hapo."

Nikasoma hapo. Mwanamke asiyejulikana. Studio isiyojulikana, Nairobi. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la maonyesho yote: Nani Yuko Nyuma?

Nyuma yangu nikasikia vicheko. Kwenye kona walikuwa wametengeneza studio ya kuigiza, na wageni walikuwa wanapiga foleni kuvaa rinda lile la manjano. Si mfano wake. Lenyewe. Mmoja analivaa, mwenzake anachuchumaa nyuma na kutoa vidole kiunoni, wa tatu anapiga kwa simu, halafu wote wanapiga ukelele, "Nani yuko nyuma?" na kuangua kicheko.

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Mimi ndiye niko nyuma! Na huyo anajulikana! Ana jina!"

Ndinda akaanza kulia. Yule msichana aliyekuwa amevaa rinda akalivua haraka, akabaki na jinzi na fulana yake, akaniletea kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Aki pole, mathe. Sisi tulikuwa tunacheza tu. Haikuwa kwa ubaya."

Nilikuwa tayari nimeizika pua yangu ndani ya lile rinda. Juu kulikuwa na manukato ya wasichana kumi tofauti. Lakini kwenye mshono wa kwapa, chini kabisa, naftalini. Naftalini na vumbi la unga. Nikawa na miaka sita.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka studio zile. Ukuta umechorwa maporomoko ya maji na ndege inayopaa, maua ya plastiki kwenye stuli, kioo kidogo na chanuo moja ambalo kila mtu analitumia. Ya baba ilikuwa chumba cha mabati Kabiria, ubavuni mwa kisiagi. Mahindi yakisagwa, unga mweupe ulikuwa unapenya na kutua kwenye kila kitu, na baba alikuwa anapangusa lenzi kwa shati lake huku akitukana kwa Kikamba, polepole, ili wateja wafikiri anaomba. Watu walimwita Muli wa Picha. Ile ndege ya ukutani aliichora yeye mwenyewe, na rangi nyeupe ilipomwishia, akamalizia mabawa kwa kijani.

Fahari yake haikuwa kamera. Ilikuwa sanduku la bati lililojaa nguo. Siku ya kufunguliwa marobota sokoni alikuwa anatoka kabla hatujaamka, kugombania nguo za chaguo la kwanza pamoja na wachuuzi, na kurudi amebeba koti la kola pana, au kofia yenye unyoya, au skafu ambayo hakuna aliyejua inafungwa vipi. Alizipenda nguo kuukuu kuliko mpya. Alikuwa akiinusa kola na kuniambia, "Hii ilienda harusi. Hii ilifutwa kazi." Mimi nilimwamini. Mama alizifua, akazipiga pasi, akatia naftalini wadudu wasizile. Wateja walikuwa wanakuja na ovaroli na gambuti, wanachagua sandukuni, wanapigwa picha ya kupeleka nyumbani.

Kulikuwa na koti moja la suti ambalo halikuwa na mgongo. Baba alikuwa amelipasua nyuma ili liingie mtu wa kimo chochote, mnene au mwembamba, unalivaa kwa mbele kama aproni. Nyuma unabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Picha haina mgongo," baba alikuwa anasema. "Mbele ndiyo inasafiri."

Koti hilo lilisafiri sana. Siku moja mjenzi mmoja, Kioko, aliingia studioni amefura.

"Muli, umeniaibisha! Nimepeleka picha yangu ukweni, nafika, nakuta mume wa dada ya mke wangu yuko ukutani, amening'inia na koti langu!"

"Na lilimkaa vizuri?"

"Lilimkaa vizuri kuliko mimi!"

"Basi sema mnaazimana. Wakwe wanapenda watoto wanaopendana."

Vibanio visipotosha, niliitwa mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nasimama nyuma ya mteja, nakusanya kitambaa kilichozidi kwa mikono miwili, navuta, natulia mpaka mwanga wa kamera upige. "Muli, mwambie huyu karani wako asinifinye," wanaume walikuwa wanalalamika, na mimi nafinya zaidi. Sharti lilikuwa moja: vidole visionekane. Mtoto wa nyuma hayuko. Nilijivunia sana kutokuwepo.

Rinda la manjano baba alilileta kwa ajili ya wateja, lakini mama alilijaribu mbele ya kile kioo kidogo, akajigeuza, akasema, "Hili haliingii sandukuni." Na halikuingia. Lilikuwa la Jumapili, la kanisa, na lilimjaa. Mama alikuwa mtu wa mwili. Akitembea ndani ya rinda lile, vile vifungo vilikuwa vinashika kazi.

Halafu akaanza kupungua.

Watu wazima waliutaja ugonjwa wake kwa kuteremsha sauti, kwa hiyo mimi sikuujua. Nilichokiona ni kwamba bangili yake ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Pete aliizungushia uzi. Siku moja nikamwona amejaribu viatu vya binti wa jirani aliyekuwa darasa la saba, na vikamwingia. Mimi nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilidhani mama anarudi kuwa mdogo ili tulingane. Nilipiga hesabu ya kitoto, nikaona ikifika Krismasi tutakuwa tunabadilishana nguo. Nilimwambia hivyo, nikiwa kitandani kwake, nikimpima mkono wake na wangu. Akavikunja vidole vyake juu ya vyangu.

"Eeh," akasema. "Tutalingana."

Siku aliyoomba picha alikuja studioni mwenyewe, akitembea huku ameshika ukuta, rinda la manjano begani. Kisiagi kilikuwa kinanguruma, kwa hiyo walikuwa wanaongea kwa nguvu, nami nilisikia yote.

"Nipige picha, Muli."

"Utapigwa ukipona."

"Nipige sasa, kabla uso haujaniisha."

Nikafikiri uso unaisha kama sabuni. Nikamwangalia kuona umebaki kiasi gani.

Baba alimvika rinda la manjano juu ya nguo alizokuja nazo, ili ajae kidogo, na bado lilining'inia kama limetundikwa msumarini. Akachukua vibanio vyote tulivyokuwa navyo, akambana mgongoni, havikutosha. Kibanio kimoja kikaruka kikampiga baba kwenye shavu. Mama akacheka.

"Muli, unaniua kabla ya siku."

"Mutheu," baba akaniita. "Njoo nyuma. Filamu imebaki picha moja. Shika hapa na hapa. Usiachie mpaka uone mwanga. Ukiachia, kila kitu kinaanguka."

Nikashika. Ndani ya kitambaa niligusa mgongo wa mama, mifupa imepangana kama punje za hindi. Alikuwa anatetemeka kidogo kidogo, bila kukoma, kama jokofu.

"Mikono yako ina moto," akaniambia bila kugeuka. "Vizuri. Kaa hapo hapo."

Baba akainama nyuma ya kamera. Akakawia kubonyeza kuliko alivyowahi kukawia kwa mteja yeyote. Unga ulikuwa unaelea hewani, ukaniingia puani. Nilizuia chafya. Nilizuia kwa macho, kwa meno, kwa vidole vya miguu. Halafu nikapiga chafya, na mwanga ukapiga, na nikajikuta mikono iko wazi, rinda limeporomoka, mama ameketi kwenye stuli ya maua anakohoa. Nini kilianza? Chafya au mwanga? Mpaka leo akili yangu haiwezi kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Filamu ilienda kuoshwa mjini, kwa mzee mmoja wa pwani aliyekuwa na duka karibu na msikiti. Baba aliporudi na bahasha, alimpa mama pale kitandani. Waliangalia pamoja. Nikaomba kuona.

"Umeharibu, Mutheu," baba akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa uchovu, akaitia mfukoni.

"Iache hivyo hivyo," mama akasema. "Umesikia, Muli? Iache hivyo hivyo."

Mimi nikajua wanazungumza kuhusu nini. Niliachia. Niliambiwa nisiachie, nikaachia, na sasa kila kitu kinaanguka.

Tulimpeleka mama Machakos kabla ya Krismasi niliyokuwa naingojea. Picha ilikuwa juu ya jeneza, ndani ya fremu, na ilikuwa kichwa na mabega tu. Kola ya manjano, kifungo kimoja cheupe, uso uliobaki. Watu wakasema, Mama Mutheu alikuwa mzuri, ona alivyotulia. Mimi nilikuwa natafuta sehemu ya chini. Nikaelewa kwa nini imekatwa: baba ameficha pale nilipoachia, ili watu wasijue. Nilimshukuru kimoyomoyo. Nikakaa na siri hiyo darasa la kwanza, darasa la nane, kidato cha pili. Nimekaa nayo leba, nikimsukuma binti yangu atoke. Nimeibeba kila siku kwenye cherehani. Wateja wangu wanalalamika kama wale wa baba. "Fundi, unanifinya!" Siwezi kuachia kitambaa kabla pini haijaingia. Mikono yenyewe inakataa.

Baba hakuzungumza juu ya picha ile kamwe, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua. Simu zilipoanza kupiga picha, wateja wakaisha. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, niko bweni. Nilipokuja likizo studio ilikuwa imeshakuwa kinyozi. Ami yangu ndiye aliyeitoa mizigo. Sanduku la nguo, na rinda la mama ndani yake, na maboksi ya negativu aliyapakia kwenye mkokoteni wa mtu wa vyuma chakavu.

"Sura za watu tusiowajua, tungezifanyia nini?" aliniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa mnaelewa nilichokuwa nakitazama kule Hurlingham. Mtu alikuwa ameziosha zile negativu upya, nzima, bila kukata. Kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho baba na mama walikiona kitandani. Rinda halijaporomoka. Limemkaa mama kama zamani, kama Jumapili, limeshika kiuno. Na linashikwa na nani? Vidole vinne, vyeupe kwa kukaza. Nilikuwa nimeharibu picha, ndiyo. Niliiharibu kwa sababu vidole vilionekana. Basi. Hilo tu. Na mama alisema iachwe hivyo hivyo.

Miaka yote hiyo. Na watu wanacheka kwenye kona.

Mwenye maonyesho akaja, kijana wa miwani ya duara, shati la hariri la zamani ambalo, nitasema ukweli, lilikuwa limepunguzwa vizuri. Alikuwa mpole. Upole wake ndio uliniudhi zaidi.

"Dada, nimeambiwa una uhusiano na hii picha. Mimi hilo boksi na hizo nguo nilinunua sokoni, kihalali."

"Sijasema umeiba."

"Hakukuwa na jina popote."

"Uliuliza?"

"Ningeuliza nani?"

"Hapo ukutani nyuma yake kuna ndege ya mabawa ya kijani. Ungepeleka hiyo picha Kabiria, usimame kwa kisiagi, mzee wa kwanza angekuambia hii ni kwa Muli. Ni safari ya nusu saa."

Akavua miwani, akaipangusa. "Ni kweli. Hiyo ningefanya. Lakini nielewe pia. Mimi nachukua vitu vya kila siku ambavyo vimesahaulika, navipa maisha mapya. Mradi wote unasimama kwa hilo swali. Nikiandika jina, fumbo linaisha."

"Mamangu si fumbo. Mamangu ni Ndinda."

Binti yangu, aliyekuwa amenyamaza akinyonya kola ya sweta, akaitika, "Nini?" Watu wawili watatu wakacheka, na nikaona yule kijana ameanza kuelewa, halafu nikaona ameelewa vibaya. Uso wake ukang'aa.

"Anaitwa Ndinda pia? Sikia, tunaweza kuwapiga nyinyi wawili. Wewe kwa rinda, mtoto nyuma. Hiyo itakuwa na nguvu sana."

Kwetu Ukambani mtoto akichukua jina la mama yako, unamwita mwaitu, yaani mama. Nikamwambia, "Mwaitu, shika mkono wangu," nikashukuru ana mkono wa kushikwa, kwa sababu wangu mwingine ulikuwa unataka kufanya kazi nyingine. Nilimwambia yule kijana kwamba mwanamke huyo alikuwa anakufa. Kwamba mgongoni ana vibanio kumi na moja. Kwamba aliomba apigwe hiyo picha ili wanaomzika wamjue. Kwamba mtoto wangu hatasimama nyuma ya lile rinda hata siku moja ya maisha yake.

Akavaa miwani yake tena. Kisha akasema yuko radhi tuzungumze, lakini maonyesho yana mkataba na ukumbi, na kama nina malalamishi kuna utaratibu.

"Niletee huo utaratibu."

Yule msichana wa mlangoni ndiye aliyeniletea fomu. Alileta pia kiti, na biskuti kwa Ndinda. "Mum, andika yote," akaninong'oneza. "Mimi mwenyewe nitaigonga muhuri nimpelekee mkubwa. Na pole kwa kukuambia usiguse."

Rinda lilikuwa bado mapajani mwangu. Niliandikia juu yake.

Jina la mlalamishi: Mutheu Muli, fundi wa nguo, Kabiria.

Kinacholalamikiwa: Picha ya kwanza mlangoni, maelezo yaliyo chini yake, na mchezo ulio kwenye kona.

Eleza malalamishi yako: Mmeandika mwanamke asiyejulikana. Anajulikana. Ni Veronica Ndinda, mke wa Muli mpiga picha wa Kabiria, na picha ilipigwa na mume wake. Alikuwa mgonjwa sana, na hii ndiyo picha yake ya mwisho. Watu wanavaa rinda lake na kucheka. Sisemi ni wabaya. Hawakuambiwa.

Unataka hatua gani ichukuliwe: Mchezo usimamishwe leo. Rinda narudi nalo nyumbani, nipeni karatasi ya kulitoa. Majina yote mawili yaandikwe chini ya picha, la aliyepigwa na la aliyepiga, au picha itolewe. Ikibaki, isikatwe. Mwenyewe alisema iachwe hivyo hivyo.

Je, una uthibitisho: Kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Nitakuja nacho siku yoyote mtakayoniita.

Wewe binafsi ulikuwa wapi wakati wa tukio: Nilikuwa nyuma yake. Sikuachia.